Turubai la Mgonjwa

Muuguzi aliyarudia maagizo mara tatu, na mara ya tatu alimtaka Swaumu ayaseme mwenyewe. Siku kumi na nne. Chumba cha peke yake, dirisha wazi mchana kutwa. Anayeingia avae barakoa, anayetoka anawe kwa sabuni. Mgeni yeyote asivuke mlango. Swaumu aliyasema yote bila kukosea, kisha akauliza kama dada wa mume naye ni mgeni.

"Mama, mapafu ya mzee hayajui undugu," muuguzi alimjibu. "Akipata kikohozi kingine, hata kidogo, sitaki kukudanganya."

Walirudi mtaani kwao Ng'ambo kwa bajaji. Mfaume, fundi seremala wa miaka sitini na miwili, alikuwa amelazwa siku kumi na moja, nane kati ya hizo akipumua kwa oksijeni. Mtu aliyezoea kubeba ubao wa mninga begani sasa aliushika mwimo wa mlango alioutengeneza kwa mikono yake, akapumzika, ndipo akainua mguu kuvuka kizingiti. Swaumu alimlaza katika chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama mtaa. Nyumba ilikuwa ya watu wawili tu. Mtoto wao, Awadhi, alifanya kazi Mwanza na kupiga simu kila jioni.

Ulikuwa mwezi wa nane, mwaka 2021. Mwaka uliotangulia kila mlango wa mtaa ule ulikuwa na ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Sasa ndoo zile zilikuwa zimerudi kuchotea maji, matundu yake yamezibwa kwa vipande vya raba. Barakoa ilionekana kwa nadra, na aliyeivaa aliulizwa kwa utani kama ameshuka leo kutoka Dar es Salaam. Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina. Watu walisema nimonia, walisema pumu, walisema kifua, na aliyesema zaidi ya hapo alihesabiwa kuwa anatangaza aibu ya nyumba ya mwenzake.

Swaumu naye alikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Katika mtaa mzima hakuna aliyejulikana kwa kujulia wagonjwa hali kuliko yeye. Hakuwa mtu wa kusimama mlangoni akasema pole na kuondoka. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akamnyanyua mgonjwa kichwa, akamlisha. Wiki tatu kabla ya mumewe kuruhusiwa kutoka hospitali alikuwa amemlisha uji Bi. Apolinaria, mama mzazi wa jirani yake Levina, katika nyumba ya upande wa pili wa njia. Mkobani alikuwa na barakoa aliyotumiwa na Awadhi. Hakuivaa. Aliona kwamba bibi yule, akiona mdomo wa mtu umefunikwa mbele yake, atadhani anaonewa kinyaa. Bi. Apolinaria alifariki siku ya tano. Mfaume alianza kukohoa siku ya tisa. Hesabu hiyo Swaumu aliifanya hospitali, akiwa kwenye benchi la kusubiria, na hakumwambia mtu.

Mgeni wa kwanza alikuwa Levina mwenyewe. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, bado amevaa nguo nyeusi za msiba wa mama yake, akamkuta Swaumu amesimama katikati ya mlango. Levina alisubiri kupishwa. Alipoona hapishwi, alicheka.

"Mama Awadhi, umeficha nini humo? Au mzee amerudi na mke mdogo kutoka wodini?"

Swaumu alimweleza habari za muuguzi na za siku kumi na nne. Kadiri alivyoeleza, kicheko cha Levina kilipungua, mpaka kikabaki meno tu.

"Hata mimi?"

"Hata mimi mwenyewe naingia na kutoka mbio, shoga yangu."

Levina aliikabidhi chupa. Angeondoka na neno lile tu, pengine uchungu wake ungepona baada ya siku mbili. Lakini alipogeuka kwenye kona ya baraza alimwona Swaumu akiipangusa chupa ile kwa kitambaa chenye sabuni kabla ya kuiingiza ndani. Alivuka njia bila kuaga.

Kesho yake alifika Yasmini, dada mkubwa wa Mfaume. Alikuwa ametoka kijijini Kigwa alfajiri, na kwapani alimkumbatia kuku. Swaumu alimpigia goti, akamwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akamweleza wifi yake jambo ambalo hakuna mke wa Ng'ambo aliyewahi kumweleza wifi yake: kwamba ndugu yake yumo ndani, yu hai, na hatamwona.

Yasmini hakugomba. Alipindua ndoo, akaiketia chini ya dirisha, juani, na kuzungumza na ndugu yake kupitia nyavu za mbu. Waliopita njia walisimama. Mji ule ulikuwa umelelewa na wageni tangu enzi za misafara, wakati mtu alipofika na vumbi la miezi mitatu miguuni na kukuta maji, mkeka na kivuli. Na sasa watu wa mji huo walimwona mama wa miaka sabini akizungumza na nyavu huku jasho likimtiririka shingoni. Kabla ya adhuhuri aliinuka. Alimfunga kuku mguu kwenye nguzo ya baraza.

"Chakula chako sitakula, wifi," alisema kwa upole. "Nimewekwa mlangoni kwa ndugu yangu kama muuza mkaa. Muuza mkaa naye hali ndani."

Jioni, Swaumu alipoingia na dawa, Mfaume alikuwa amegeukia ukutani.

"Hata kivuli hukumpa?" aliuliza.

Swali hilo ndilo lililomfanya Swaumu asilale vizuri, na ndilo lililompa wazo.

Baada ya swala ya alfajiri alifungua karakana ya mumewe na kulitoa turubai la bluu lililofunika mbao. Alilifunga upande mmoja kwenye paa la baraza na upande wa pili kwenye milingoti miwili aliyoisimika katika udongo mkavu. Chini yake alipanga mabenchi sita yaliyoagizwa na madrasa, ambayo Mfaume alikuwa ameyapiga randa na kuyaacha kabla ya kuyapaka vanishi. Kati ya benchi na benchi alipima hatua mbili kwa miguu yake mwenyewe. Aliisafisha ndoo ya mwaka jana, akairudishia koki na sabuni, akaiweka pembeni mwa mabenchi. Akafagia. Alipomaliza alisimama kuitazama kazi yake na kuridhika nayo. Sasa atakayekuja atapata maji, kivuli na mahali pa kuketi, atazungumza na mgonjwa kupitia dirishani, na hakuna atakayesema amenyimwa heshima. Aliingia uani kufua mashuka ya mgonjwa, kisha kubandika uji.

Hakuwaza jambo moja, yeye aliyehudhuria misiba isiyo na idadi. Katika mtaa ule, turubai likionekana mbele ya nyumba asubuhi, na chini yake mabenchi, hapaulizwi.

Levina alifungua mlango wake wakati jua linachomoza. Aliliona turubai, akaweka mikono kichwani. Angeweza kuvuka njia na kuuliza, maana hazikuwa hatua ishirini. Lakini mtu aliyezuiwa mlangoni juzi hauendei mlango huo kuuliza leo. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Uwesu, mwenyekiti wa chama cha kuzikana, akamwambia kwamba Fundi Mfaume ametutoka na mkewe yuko peke yake. Uwesu alikuwa mtu wa taratibu na wa haraka. Alimpigia simu Yasmini, akatuma mtu msikitini, akawatuma vijana wanne makaburini na majembe.

Swaumu alikuwa anakoroga uji aliposikia kilio. Alidhani kinatoka nyumba nyingine, akasema pole moyoni, akaendelea kukoroga. Kilio kikazidi, kikawa cha wanawake wengi, na kikawa mbele ya mlango wake. Alitoka na mwiko mkononi. Mabenchi yalikuwa yameunganishwa, yamejaa wanaume waliobanana mabega. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, khanga viunoni, na mmoja wao alikuwa anakinga maji ya ile ndoo kwenye birika kubwa la chai. Mwanamke wa kwanza kumwona alimkumbatia kwa nguvu, akamlilia shingoni.

"Vumilia, Mama Awadhi. Kazi yake Mola haina makosa."

Swaumu aliamini. Kwa muda wa pumzi tatu au nne aliamini kwamba mumewe amekata roho wakati yeye anakoroga uji, na kwamba mtaa mzima umejua kabla yake. Alijinasua, akakimbilia chumbani, akamkuta Mfaume ameketi kitandani, wima, macho yamemtoka.

"Nani amekufa?" Mfaume alinong'ona. "Nimesikiliza tangu saa moja, hawamtaji jina. Ni nani, Swaumu?"

Nje, chini kabisa ya dirisha, sauti ya mwanamume ilikuwa inamweleza mwenzake kwamba marehemu alikuwa fundi mwaminifu sana, ingawa Mungu amsamehe, kitanda alichomwagiza tangu mwezi wa tano hakukimaliza.

Mfaume aliitambua sauti. Alijivuta hadi dirishani.

"Kitanda chako kimebakiza vanishi, Marko," alisema. "Na hujanunua vanishi."

Kilio kilikatika kama kilichokatwa kwa msumeno. Mtu alianguka kutoka benchini. Kisha mwanamke mmoja akacheka, wakacheka wote, wengine machozi yangali mashavuni; wakapiga vigelegele, wakamshukuru Mungu, wakasimama kwa pamoja na kuuelekea mlango. Hapakuwa na mtu mbaya katika umati ule. Walikuja kumzika mtu wao wakamkuta hai, na mikono yao ilikuwa na haki ya kumshika.

Swaumu aliwahi mlango, akatandaza mikono kutoka mwimo hadi mwimo.

"Tupishe, mwanangu," alisema Mzee Uwesu, akitabasamu. "Tumpe mkono tu. Mtu amerudi kutoka huko, halafu asipewe mkono?"

"Shikamoo, mzee. Bado siku kumi na moja. Naomba mketi. Mtazungumza naye dirishani."

"Marahaba. Sisi siyo wageni."

"Najua, mzee."

Tabasamu la Uwesu lilianza kuchoka. Nyuma yake walisema barakoa na sabuni hazizuii alilopanga Mungu. Walisema huyu mama siku zote ndiye anayeingia vyumbani mwa watu. Mmoja alisema mwanamke anayemjengea mumewe turubai la msiba mume angali hai, anamchuria kifo, na huenda ana sababu zake. Kisha sauti iliyomvunja nguvu Swaumu ilitoka ndani, si nje.

"Waache waingie, mke wangu," alisema Mfaume. Alikuwa anahema. "Siku kumi na moja nimelala katikati ya watu wasiojua jina langu. Aliyekuwa kushoto kwangu alikufa hajashikwa mkono na mtu. Waache. Nikifa, nife nimewashika watu wangu."

Mikono ya Swaumu ilishuka kidogo. Walioko mbele waliona, wakasogea. Ndipo aliposema jambo aliloapa kulificha, na hakulisema kwa umati. Aligeuza uso akalisema kwa yule aliyekuwa chumbani.

"Mimi ndiye niliyekuletea."

Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Nilimlisha Bi. Apolinaria uji kwa mkono wangu huu, barakoa ikiwa mkobani. Alikuwa na ugonjwa huu huu, baba Awadhi. Alinikoholea kifuani. Nikarudi nyumbani, nikakupakulia chakula, nikalala ubavuni mwako. Mara moja nimekuletea. Mara ya pili siwezi."

Hakuna aliyemtazama Swaumu. Wote walimtazama Levina, aliyekuwa amesimama pembeni mwa ndoo akiwa na birika la chai. Miongoni mwa waliokuwepo wengi walikuwa wamekaa siku tatu katika msiba wa mama yake, wamekula katika sinia zake, na wamekubaliana naye kwa sauti ya chini kwamba pumu ni ugonjwa mbaya kwa wazee.

Levina aliliweka birika chini kwa uangalifu.

"Mama yangu alikuwa na pumu," alisema.

Swaumu alishusha macho kizingitini.

"Mama yangu alikuwa na pumu, na watu wote hapa wanajua. Nilikuita kumlisha kwa sababu alikutaka wewe. Alikuwa akikutaja."

Alijifunga khanga upya, akavuka njia. Mlango wake ukafungwa upande wa pili. Ndipo Mfaume aliposema kutoka chumbani, kwa sauti iliyosikika kwa shida: "Funga mlango, Swaumu."

Akaufunga.

Mzee Uwesu alibaki nje peke yake baada ya wengine kutawanyika. Alizungumza na mlango, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa kikaoni. Vijana walikuwa wamechimba mpaka kiunoni. Kaburi likichimbwa haliachwi wazi, lisije likamwita mwingine. Kwa hiyo watazika mgomba, kama wazee walivyofanya. Alimtakia mgonjwa afya njema.

"Lakini vijana wamechoka, mwanangu, na wameaibika," alimalizia. "Siku ya kweli ikifika, sijui kama wataitika mara ya pili."

Hakuna aliyekuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Yasmini alikuwa amefika njia panda ya mji aliposimuliwa kisa chote, akageuza na kurudi Kigwa. Muuza maziwa aliacha chupa yake kwenye kona na kupiga kengele ya baiskeli kutoka mbali. Bombani, Swaumu alipofika na ndoo zake, wanawake walimwamkia vizuri, kisha wakarudi nyuma mpaka akachota na kuondoka. Walirudi nyuma zaidi ya hatua mbili. Kile alichokuwa amewaomba watu kwa unyenyekevu na kunyimwa, sasa alipewa bila kuomba.

Mabenchi aliyatenganisha tena na kuyafuta. Kila asubuhi alijaza maji katika ndoo ya mlangoni, na kila jioni aliyamwagia mchicha, kwa kuwa hayakutumika. Awadhi alipopiga simu na kuuliza kama watu wanakuja kumwona baba, alimjibu kwamba muuguzi amekataza wageni. Lilikuwa jibu la kweli.

Mfaume alipona. Siku ya nane alitembea hadi uani, siku ya kumi na mbili alimchinja mwenyewe kuku wa Yasmini, na siku ya kumi na nne Swaumu alisikia randa ikipita juu ya ubao, taratibu, ikisimama kupumzika, ikipita tena. Alilia jikoni kwa kuisikia. Siku ya kumi na tano alilishusha turubai, akayarudisha mabenchi karakanani, akafungua mlango pande zote mbili na kupika wali wa nazi wa kutosha watu kumi. Walikaa wawili kwenye mkeka, sinia kubwa katikati yao, mpaka wali ukapoa.

"Muuguzi angefurahi," alisema Mfaume hatimaye. "Mtaa mzima umekutii."

Ulikuwa utani. Alijaribu kuucheka, akakohoa kidogo.

Wiki ya tatu, kikohozi kilianza upande wa pili wa njia. Swaumu alikisikia kwanza asubuhi, kikavu, cha mfululizo, akakitambua jinsi mtu anavyotambua hatua za mgeni aliyewahi kulala nyumbani kwake. Mtoto wa Levina, Valentino, alikuwa mgodini Nzega. Nyumba ile sasa ilikuwa ya mtu mmoja. Swaumu alisubiri kuona nani atakwenda. Waliokwenda walikuwa wachache, na hawakukaa.

Siku ya pili alipika uji wa ulezi. Akaumimina katika chupa ile ile ya Levina, ambayo hakuwa amepata ujasiri wa kuirudisha. Alivaa barakoa. Alivuka njia, hatua zisizofika ishirini, akijiandaa kwa mlango uliofungwa au kwa maneno yaliyostahili.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Mbele yake, nje, kulikuwa na ndoo yenye koki, na juu ya kifuniko chake kipande kipya cha sabuni. Hatua mbili kutoka dirishani lilikuwapo benchi fupi, la mtu mmoja, ambalo Mfaume alilitengeneza miaka mingi iliyopita kwa ajili ya Bi. Apolinaria kuotea jua.

Swaumu aliyatazama yote hayo kwa muda mrefu. Hakuweza kujua kama amekaribishwa au amelipizwa. Alinawa mikono, akaweka chupa kizingitini, akaketi.

"Hodi," alisema.

Kikohozi kilijibu kwanza. Kisha kitanda kikalia, na uso wa Levina ukaonekana nyuma ya nyavu, umesinyaa, umefungwa leso puani na mdomoni.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Kaa hapo hapo."

"Nimekaa, Mama Valentino. Nimeleta uji."

Levina alikuwa anavuta pumzi, na kila moja ilimgharimu. Aliegemeza kichwa kwenye fremu ya dirisha. Njiani mtu alipita na baiskeli, akawaona, akatazama mbele.

"Mama alikuwa na pumu," Levina alisema.

Swaumu aliitazama ndoo, na sabuni, na zile hatua mbili za udongo uliofagiwa kati ya benchi na dirisha.

"Alikuwa na pumu," alisema.

Levina alitikisa kichwa kukubali, akafumba macho. Swaumu aliendelea kuketi mpaka jua lilipomfikia usoni, na benchi hakulisogeza.